Pikipiki Haiitiki: Kutafuta Hitilafu ya Stata, Swichi na Rimoti

Unageuza ufunguo, taa ya nyutro inawaka, unabonyeza stata, kimya. Unabonyeza mara ya pili na ya tatu, hakuna kitu. Unapiga kiki, injini inawaka, unapakia abiria na kuondoka, na hitilafu umeiacha palepale ilipo. Stata nyingi za pikipiki zetu huharibika namna hiyo, polepole, kwa sababu kiki ipo na kazi haisubiri. Siku kiki nayo inapokataa ndipo mtu anakimbilia duka la vipuri.

Dukani kitu cha kwanza kununuliwa ni swichi nzima ya usukani. Isiposaidia, inafuata rilei. Nayo isiposaidia, stata inafunguliwa. Mwishowe inagundulika kwamba waya mmoja ulikuwa umekatika kwenye shingo ya usukani, waya ambao ungeungwa kwa lehemu kidogo na utepe wa umeme. Jambo hili linaniuma, kwa sababu pesa inayopotea hapo mara nyingi ni ya kijana anayepaswa kupeleka hesabu kwa bosi jioni ileile.

Kwa hiyo kanuni ninayokuomba uishike ni hii: usinunue kifaa kabla hujapima. Vifaa vya kupimia ni viwili. Cha kwanza ni multimita ya bei ndogo. Cha pili utakitengeneza mwenyewe: balbu ya indiketa ya wati 10, soketi yake, na waya mbili za urefu wa mita moja zenye klipu kwenye ncha. Balbu hiyo inaona kitu ambacho multimita haikioni. Waya ulioliwa na kutu ndani na kubaki na mguso hafifu utakuonyesha volti 12 kamili kwenye multimita, kwa kuwa multimita hainywi umeme wowote wa maana. Balbu hunywa karibu ampea moja, kwa hiyo kwenye waya huohuo itafifia au isiwake kabisa. Tahadhari moja tu: pikipiki yenye mfumo wa sindano za mafuta na kompyuta yake ndogo, usiguse nyaya za kompyuta hiyo kwa balbu. Huko tumia multimita.

Sikiliza kabla ya kufungua

Washa ufunguo, weka nyutro, bonyeza stata, tulia usikilize.

Ukisikia "tak" moja nzito kutoka chini ya siti au nyuma ya kifuniko cha pembeni, rilei imefunga. Maana yake ufunguo, swichi ya kuzimia, kitufe cha stata na swichi ya nyutro vyote vimefanya kazi yake. Viache. Tatizo liko upande wa waya nene: betri, vichwa vya betri, miguso ya ndani ya rilei, au kaboni za stata.

Ukisikia "tatatatata" ya haraka, betri imechoka, au kichwa chake kimoja kimelegea. Rilei inavuta, volti zinaanguka, inaachia. Volti zinapanda kidogo, inavuta tena.

Kimya kabisa ni upande wa waya nyembamba, na huko ndiko sehemu kubwa ya mwongozo huu inakokwenda. Stata ikivuma kwa kasi bila kuizungusha injini, klachi ya stata iliyo ndani ya injini imekwisha, na hapo hakuna waya wala swichi itakayokusaidia. Na kama injini inazungushwa vizuri ila haiwaki, stata haina kosa. Tafuta moto kwenye plagi, au mafuta, au alamu iliyokata umeme wa CDI, kile kisanduku kinachotoa moto wa plagi.

Betri, na ushahidi wa uongo wa kiki

"Fundi, nibadilishie swichi, betri haina shida, si unaona inawaka kwa kiki?" Kauli hii husikika gereji kila wiki, na fundi makini atajibu, "Tuanze na betri, mdogo wangu." Yuko sahihi. Pikipiki nyingi ndogo za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125 hupata umeme wa plagi kutoka koili iliyo ndani ya magneto, wala hazitegemei betri. Pikipiki ya namna hiyo itawaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa kabisa, na hata ikiwa imetolewa. Kiki ikiwasha injini, umejua kwamba plagi, CDI na mafuta viko sawa. Kuhusu betri bado hujajua chochote.

Pima betri pikipiki ikiwa imezimwa na imepumzika. Volti 12.6 hadi 12.8 ni betri iliyojaa. 12.4 ni ya wastani. Ikisoma 12.0 au chini yake, ichajiwe kwanza kabla hujagusa kitu kingine, maana vipimo vyote vitakavyofuata vitakudanganya. Kisha weka ncha za multimita palepale kwenye betri, bonyeza stata, utazame namba. Ikishuka chini ya 10 na kubaki huko, betri haina nguvu hata kama ilisoma vizuri ilipokuwa imetulia. Mwisho, washa injini kwa kiki, pandisha mwendo hadi wa kati, usome tena: 13.5 hadi 14.5 ni salama. Ikibaki 12 na kidogo, haichajiwi. Ikipita 15, regyuleta imeharibika na inaichemsha betri. Ukifunga betri mpya hapo bila kugusa regyuleta, utarudi dukani mapema.

Vichwa vya betri visafishwe hadi ving'ae. Unga mweupe unaoota pale hutoka kwa maji ya moto na brashi ya waya. Kaza kwa spana, paka grisi kidogo juu. Fuata pia waya wa hasi hadi unapofungwa kwenye fremu au injini, kwa sababu boliti ile hukaa kwenye tope na rangi, na husahauliwa kuliko zote.

Ingia katikati ya njia

Umeme unaoiamrisha stata hutoka betri, ukapita fyuzi, ukapita swichi ya ufunguo, swichi ya kuzimia, kitufe cha stata, ukafika kwenye koili ndogo ya rilei, kisha ukaenda eathi. Mahali fulani kwenye mstari huo kuna swichi za usalama: klachi, nyutro, na kwa baadhi ya pikipiki stendi ya pembeni. Wengine huanza kufungua kutoka mwanzo, wengine hubahatisha. Mimi napendelea kuingia kwenye rilei moja kwa moja, kwa sababu kipimo kimoja cha pale hugawa kazi nzima sehemu mbili.

Rilei ya stata utaitambua kwa boliti zake mbili zenye waya nene, mmoja ukitoka betri na mwingine ukienda stata. Pembeni ina soketi ya waya nyembamba. Chomoa soketi hiyo. Kama pikipiki nzima imezima ulipochomoa, fyuzi kuu inapitia humo. Irudishe, kisha pima kwa kuingiza ncha ya multimita nyuma ya soketi ikiwa imechomekwa.

Sasa unganisha klipu moja ya balbu kwenye hasi ya betri. Washa ufunguo, weka nyutro, shika klachi, bonyeza stata, huku ukigusa tundu moja la soketi kisha la pili. Tundu moja linapaswa kuiwasha balbu kila unapobonyeza. Kisha hamishia klipu kwenye chanya ya betri na uguse tundu la pili. Balbu ikiwaka, eathi inafika.

Zikipatikana zote mbili, chanya unapobonyeza na eathi ya kudumu, na rilei bado haigongi, rilei imekufa. Hapo nenda dukani kwa moyo mweupe. Chanya ikikosekana, rudi nyuma kuelekea kitufe na ufunguo. Eathi ikikosekana, nenda kwenye nyutro na klachi. Baadhi ya pikipiki huweka swichi za usalama upande wa chanya badala ya eathi, kwa hiyo ukiona eathi ipo na chanya haipo, usiziondoe klachi na nyutro kwenye orodha ya washukiwa.

Kwa Honda na pikipiki za Kichina zilizofuata rangi zake, nyekundu ni ya betri, nyeusi ni chanya iliyopita ufunguo, kijani ni eathi, na njano yenye mstari mwekundu ni ile inayotoka kwenye kitufe cha stata kwenda rilei. Boxer na TVS zina rangi zake. Na pikipiki yoyote ambayo imepita mikononi mwa mafundi watatu inaweza kuwa na rangi zozote, kwa hiyo iamini balbu kuliko rangi.

Fyuzi niiseme kwa ufupi. Ikiungua, weka nyingine ya ampea zilezile. Karatasi ya sigara au uzi wa shaba uliozungushiwa fyuzi iliyoungua ni moto unaosubiri chini ya tangi la petroli. Ikiungua tena mara moja, kuna waya umechubuka na unagusa fremu. Tafuta waya huo.

Kitufe, na waya za shingoni

Kama chanya haifiki, sasa ndiyo zamu ya swichi ya usukani. Piga picha kwa simu kabla ya kufungua. Tandaza kitambaa cheupe juu ya tangi, maana ndani kuna springi ndogo itakayoruka na usiione tena. Legeza skrubu mbili za chini, tenganisha nusu mbili, kisha utoe kitufe taratibu.

Utakachokikuta ni kipande cha shaba chenye umbo la daraja, kinachosukumwa na kitufe hadi kiguse ncha mbili. Itazame shaba hiyo kwenye mwanga. Ikiwa nyeusi, imeungua kwa cheche za kila siku. Ikiwa na rangi ya kijani, ni maji na chumvi. Kwa walio Tanga, Mombasa, Unguja au Kigamboni, hewa yenyewe ina chumvi ya kutosha, na kuosha kwa mashine ya presha huisukuma ndani ya swichi. Sugua kwa msasa laini, namba 400 au zaidi, hadi shaba ionekane nyekundu na safi. Futa vumbi lote. Paka Vaseline kidogo sana kuzuia unyevu, kisha urudishe. Mafuta ya injini yasiingie humo kabisa, yanashika vumbi na kutengeneza tope. Kama plastiki imeyeyuka na ncha ya shaba imezama ndani yake, swichi hiyo haitengenezeki, nunua nyingine.

Swichi ya kuzimia iko jirani, na ugonjwa wake ni uleule. Wengi hawaigusi mwaka mzima, na shaba yake inaota ukoko. Igeuze huku na huku mara nyingi na ujaribu tena. Ukoko huo mara nyingi hutoka kwa kusuguana kwenyewe.

Wenye Honda kubwa wajue jambo moja zaidi: kwenye nyingi, umeme wa taa kuu hupitia kitufe cha stata, ili taa izime wakati wa kuwasha na kuiachia stata nguvu. Taa kuu ikianza kuzimika yenyewe njiani huku balbu ni nzima, fungua kitufe cha stata.

Swichi ikiwa safi na chanya bado haifiki, nenda shingoni. Hapa ndipo ningekuomba uwe na subira kuliko sehemu nyingine yoyote. Nyaya zote za usukani hupita kwenye shingo ya fremu na kukunjwa kila unapokata kona. Baada ya miaka, shaba ya ndani hukatika huku ganda la nje likibaki zima, na kwa macho hutaona kitu. Unganisha balbu mahali ambapo umeme unapaswa kufika, washa ufunguo, kisha mwenzako ageuze usukani taratibu kutoka kushoto kabisa hadi kulia kabisa. Balbu ikipepesa, umeipata. Shika waya mmoja mmoja kwa vidole viwili na uvute kwa upole: waya mzima ni mgumu, waya uliokatika ndani unanyooka kama mpira pale palipokatika. Kata sehemu mbovu, ongeza kipande kidogo cha waya mpya ili usikaze tena, lehemu, na ufunike vizuri. Kusokota nyaya na kuzungushia utepe pale shingoni hakudumu.

Swichi ya ufunguo yenyewe huchoshwa na mzigo. Ufunguo wa pikipiki uliofungwa pamoja na wa nyumba, wa kufuli la geti na shanga za urembo hucheza kila unapopita tuta, na hula miguso ya ndani. Ukiona taa zote zinazima na kuwaka unapougusa ufunguo, sababu ni hiyo. Utoe peke yake. Tundu likiwa gumu, tumia unga wa risasi ya penseli badala ya oili.

Klachi, nyutro na stendi

Taa ya nyutro ni shahidi wa bure. Ikiwaka, swichi ya nyutro inafanya kazi. Isipowaka ukiwa nyutro, jaribu kuwasha injini kwa kushika klachi. Injini ikiwaka hivyo, tatizo ni swichi ya nyutro, iliyo kushoto chini karibu na sproketi ndogo, mahali panapojaa grisi ya mnyororo na tope. Mara nyingi waya wake umechomoka tu. Kinyume chake, ikiwaka nyutro na kukataa ikiwa kwenye gia huku umeshika klachi, fungua swichi ndogo chini ya mkono wa klachi. Ina kidole cha plastiki ambacho huvunjika, hasa mtu akibadilisha kebo au mkono wa klachi bila kuwa makini.

Kwa kupima tu, unaweza kuunganisha waya mbili za swichi ya klachi pamoja. Ila nakuomba usiuache muunganiko huo. Pikipiki inayoweza kupigwa stata ikiwa kwenye gia huruka mbele, na anayekuwa mbele yake mara nyingi ni mtoto.

Waya nene

Ile "tak" moja isiyozungusha stata huchunguzwa hivi. Weka ncha nyekundu ya multimita kwenye chanya ya betri na nyeusi kwenye boliti ya stata yenyewe, kisha bonyeza. Namba utakayosoma ni volti zinazopotea njiani. Nusu volti au pungufu ni sawa. Ukisoma volti mbili, kuna mahali pameoza. Rudia kwa kuweka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye bodi ya stata. Hapo zisipotee zaidi ya volti 0.3 hivi. Njia zote mbili zikiwa safi na betri ni nzima, stata ifunguliwe: kaboni zimekwisha, au oili imeingia ndani. Usishikilie kitufe zaidi ya sekunde 5 kwa mkupuo mmoja. Iache ipumzike sekunde 10. Stata iliyolazimishwa huunguza kaboni zake na kuichosha betri kwa pamoja.

Kuna hali moja ya dharura. Miguso ya rilei inaweza kugandana kwa joto, na stata ikaendelea kuzunguka hata baada ya kuachia kitufe na kuchomoa ufunguo. Usihangaike na swichi. Toa waya wa hasi wa betri upesi. Ndiyo sababu ni vyema spana inayoingia kwenye boliti ya betri ikae chini ya siti siku zote.

Rimoti na alamu za kufungiwa

Boxer na TVS nyingi siku hizi zina alamu iliyofungwa baada ya kununuliwa, yenye rimoti ya kufunga, kufungua na hata kuwasha injini bila ufunguo. Ni kitu chenye manufaa katika miji yenye wizi. Ni chanzo pia cha hitilafu ambazo hakuna kitabu cha pikipiki kinachozieleza, kwa sababu kila fundi anaifunga kwa namna yake.

Rimoti isipoitikiwa, anza na betri yake. Nyingi hutumia kibetri kirefu cha volti 12 kiitwacho 27A, nyingine 23A, na hivyo viwili havibadilishani: urefu ni uleule, lakini 23A ni kinene zaidi. Kikisoma chini ya 11, kitupe. Rimoti zenye kibetri bapa cha CR2032 zinahitaji volti 3; kikishuka hadi 2.7 utaanza kuona inafanya kazi ukiwa karibu tu. Kitaa cha rimoti kuwaka hakithibitishi chochote, kitaa kinahitaji nguvu ndogo sana.

Kibetri kikiwa kizima, isogeze pikipiki. Rimoti nyingi husema kwa mawimbi ya megahezi 315 au 433, na karibu na minara ya redio au vituo vikubwa vya umeme mawimbi hayo humezwa. Ikiitika mita chache mbele, hakuna kilichoharibika. Kisha tazama boksi la alamu chini ya siti. Utaona waya mmoja mwembamba unaoning'inia bila kuunganishwa popote. Huo ni antena. Mafundi wengine huukata wakidhani ni mabaki, au huufunga pamoja na nyaya nyingine kwenye fremu, na rimoti iliyokuwa ikiitika kutoka ng'ambo ya barabara inahitaji sasa kuguswa na siti. Uelekeze juu, mbali na chuma.

Alamu ikishukiwa kwamba ndiyo iliyokata stata au moto wa plagi, irudishe pikipiki katika hali ya kiwandani: chomoa soketi ya alamu na urudishe soketi ya asili ya swichi ya ufunguo mahali pake. Pikipiki ikiwaka, umepata jibu. Kama nyaya za asili zilikatwa wakati wa kufunga, zifuate moja moja. Mara nyingi utakuta viungo vya kusokota vilivyoingia maji. Vilehemu vyote, hata vile vinavyoonekana vizima.

Alamu hunywa betri usiku kucha, na hapa hesabu ni rahisi. Toa waya wa hasi wa betri, weka multimita kwenye ampea, unganisha kati ya betri na waya huo, ufunguo ukiwa umezimwa. Tuseme inasoma miliampea 20. Betri ya ampea-saa 5 itaisha kabisa kwa saa 250, yaani siku 10 hivi, na itashindwa kuzungusha stata siku kadhaa kabla ya hapo. Anayesafiri wiki mbili na kuiacha pikipiki achomoe betri. Na wakati wa kupima hivyo usibonyeze stata kamwe, utaunguza multimita.

Kuwasha kwa rimoti kuna hatari inayostahili kusemwa waziwazi. Alamu nyingi za kufungiwa hupeleka umeme moja kwa moja kwenye rilei na kuzipita swichi za klachi na nyutro. Mtoto akiichezea rimoti sebuleni na pikipiki imeegeshwa kwenye gia barazani, itaruka. Ikiwa ndani ya nyumba na ikawaka bila mtu kujua, moshi wake unaua waliolala. Ukiweza kuishi bila kitufe hicho, mwombe fundi aukate waya wa kuwasha na akuachie king'ora na kufunga tu.

Kwa pikipiki ya mkopo, kuna kifaa kingine tena: kifuatiliaji cha setilaiti chenye rilei inayoweza kuzima injini kutoka ofisini kwa mkopeshaji. Nacho huharibika, na viungo vyake huingia maji kama vingine. Dalili ni pikipiki iliyozima ghafla na kukataa kabisa ilhali marejesho yako hayana deni. Usikikate wala usimruhusu fundi wa mtaani akikate. Utaonekana umevunja mkataba, na kuthibitisha vinginevyo ni kazi kubwa. Piga simu ofisini, taja muda kamili ilipozima, omba fundi wao, na uandike jina la uliyeongea naye.

Ufunguo wa kielektroniki wa kiwandani

Skuta kama Honda PCX na Yamaha NMAX za miaka ya karibuni hazina tundu la ufunguo la kawaida. Kuna kitasa cha kuzungusha, na kijirimoti kinachokaa mfukoni. Kitasa kinapobonyezwa, pikipiki hutuma wimbi la masafa ya chini linalofika mita moja au mbili tu, kijirimoti kinaamka na kujibu kwa wimbi la juu. Kwa kuwa wimbi la kwanza ni dhaifu, huzuiwa kwa urahisi. Kitenganishe kijirimoti na simu, funguo na sarafu, kishike mkononi karibu na kitasa, ujaribu tena kabla ya kusema kimekufa. Kibadilishie pia kibetri mapema. Na usiku usikitundike ukutani upande wa pili wa pale skuta ilipoegeshwa. Mtu yeyote anaweza kukibonyeza kitasa, akakizungusha na kuondoka.

Betri kubwa ya skuta ikifa, kitasa hakizunguki hata kijirimoti kikiwa kizima. Watu hulaumu ufunguo na kuagiza mwingine kwa bei kubwa, kumbe taa za dashibodi hazijawaka hata kidogo. Pima betri kwanza, kama kwa Boxer.

Skuta hizi huja na namba ya utambulisho, ambayo ndiyo njia ya kuiwasha kijirimoti kinapopotea au kufa. Utaratibu wa kuiingiza uko kwenye kitabu cha skuta na hutofautiana kwa kila modeli. Namba hiyo iandikwe na iwekwe nyumbani, kamwe isiwe chini ya siti unayoifunga kwa ufunguo huohuo. Anayenunua skuta ya mtumba adai vijirimoti vyote vilivyokuja nayo, ufunguo wa dharura wa chuma kama upo, na namba hiyo, na aone kila kijirimoti kikiwasha injini kwa zamu, kingine kikiwa kimepelekwa mbali, kabla ya kuhesabu pesa.